Mtaa Ulioshindwa Kusema Kabla

Mume wa dada yangu anataka aitwe Msanii. Si fundi rangi, si mchora mabango, Msanii. Ukimwita fundi ataitika, maana tumbo halina kiburi, lakini atakohoa kwanza ili ujue umemkosea. Mimi namwita shemeji, na shemeji ameumbwa ili ataniwe, kwa hiyo haya nitakayoyasema msije mkadhani tuna ugomvi. Mwaka nilioanguka nikavunjika mguu, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali, akilalamikia uzito wangu njia nzima. Nampenda sana. Ila usanii ni neno lenye milango miwili, na mtaa wetu kwa miaka mingi umekuwa ukimpitisha kwenye ule wa pili.

Karakana yake imepakana na kibanda changu cha fotokopi. Kati yetu kuna ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya mimi ndiye ninayetafuta kitambaa. Na kwa kuwa mimi shule niliimaliza, yeye shule ilimmaliza, nina kazi ya pili isiyo na mshahara: kumsomea mabango yakiwa bado mezani, rangi haijakauka. Kazi hiyo nilijipa mwenyewe kwa kulinda heshima ya ukoo. Ilianza na kinyozi. Maskini ya Mungu aliomba aandikiwe KINYOZI WA KISASA, akaandikiwa KINYOZI WA KISASI, na kwa wiki mbili wanaume wakawa wanachungulia mlangoni kwanza, mtu anajikumbusha kama ana deni la ugomvi naye. Kisha akaja mwenye nyumba ya pembeni, aliyechoshwa na watu wanaojisaidia ukutani kwake. Alitaka maneno mawili tu, USIKOJOE HAPA. Shemeji akamwandikia USIKOHOE HAPA, kwa herufi nyekundu kubwa. Watu wakaendelea kukojoa kama kawaida, ila kwa utulivu, mtu kabana kifua asije akavunja sheria.

Herufi hata hivyo zilikuwa nusu ya aibu. Nusu ya pili ilikuwa sura. Alimchora mwenye bucha amesimama kando ya ng'ombe, wateja wakauliza mwenye duka ni yupi. Alimchora dada yangu, mke wake wa halali aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minane, na alipomaliza ikabidi aandike chini yake MKE WANGU, vinginevyo nani angejua. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchora sura ikafanana na mwenyewe. Hilo lilimuuma kuliko herufi, ingawa hakuwahi kulisema. Nilikuwa namsikia kupitia mbao, anachora, anafuta, anasonya, anachora tena.

Nataka mjue mapema kwamba yaliyotokea hayakutoka kwenye roho mbaya. Shemeji hana roho mbaya. Angekuwa nayo, angeikosea herufi.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na meza yake, kuna kibaraza cha mshonaji. Sisi tulikuwa tunamwita Dada Fundi, na yeye, tofauti na wengine ninaowajua, fundi aliitika bila kukohoa. Mwanamke wa makamo, watoto wake wawili wamekua wakaondoka, cherehani yake ya kukanyaga ameielekeza barabarani ili asipitwe na jambo. Na kweli halikumpita. Alikuwa na kicheko cha hatua tatu. Kwanza mabega yanatikisika. Kisha macho yanafumba. Kisha mdomo unafunguka wote, na hapo ndipo unapoyaona meno yake mawili ya mbele yaliyopandana, moja limemkalia mwenzake kama watu wawili kwenye kiti kimoja. Lile la juu lilikuwa na kona kali, na yeye alilitumia kukatia uzi. Mwisho wa kila mshono anainama, tap, uzi umekatika. Mkasi wake ulilala chini ya vitambaa wiki nzima bila kuitwa.

Shemeji akikwama kazini ana tabia ya kuchomeka brashi sikioni na kutazama mbele. Na mbele alikuwepo Dada Fundi. Miaka tisa. Naye akimwona mtu kamkodolea macho alikuwa anampigia kelele kutoka ng'ambo, anamuuliza kama amepoteza ng'ombe aje amsaidie kutafuta, halafu anacheka hatua zote tatu. Shemeji naye anacheka, anarudi kwenye bango lake. Dada yangu aliwahi kumuuliza huwa anatazama nini kule. Akasema anatafuta rangi.

Basi mwaka juzi akahamia mtaani fundi wa meno. Huyu naye hapendi kuitwa fundi, anataka daktari, na koti jeupe analo, kwa hiyo tukampa udaktari wake tukaishi kwa amani. Alikuja karakana na ubao wa mbao mkubwa kama mlango. Alitaka sura mbili za mwanamke. Ya kushoto, meno mabaya. Ya kulia, meno mazuri. Chini ya sura ya kushoto iandikwe KABLA, chini ya ile ya kulia BAADA. Shemeji aliifanya kazi ile siku tatu, na siku zote tatu nilimsikia akiimba, jambo ambalo lingetakiwa kunishtua, maana huwa haimbi, huwa anasonya.

Siku ya nne akaniita nisome. Nikapita na kidole herufi moja moja. KABLA, sawa. BAADA, ameweka A zote zinazostahili, nikampongeza, nikamwambia sasa amekua. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya: nilisoma herufi. Sura sikuzitazama. Kwa nini nizitazame, wakati sura za shemeji hazijawahi kuwa za mtu?

Likatundikwa Jumatatu asubuhi, juu ya mlango wa daktari, jua limelipiga usoni. Nilitoka na kikombe changu cha chai. Mwenye bucha alikuwa nje, na wateja wawili wenye makaratasi yao walikuwa wananisubiri. Tukainua macho. Ya kulia aliinakili kutoka kwenye kalenda ya dawa ya mswaki, mrembo fulani baridi kama kigae. Lakini ya kushoto ilikuwa hai. Mabega yamepanda, macho yamefumba, mdomo umefunguka wote, na meno mawili ya mbele, moja limemkalia mwenzake. Ungeweza kusikia kicheko. Mtu mmoja pale, tumwache kwanza bila kumtaja, akasema kwa sauti, "Jamani, Dada Fundi kawa Kabla." Tukaangua kicheko mpaka chai yangu ikamwagika.

Dada Fundi mwenyewe alivuka barabara aone kinachochekesha. Hakuwa mtu wa kuachwa nje ya kicheko. Akatazama juu. Mabega yakatikisika. Macho yakafumba. Tukawa tunaingoja hatua ya tatu, na haikuja. Akafumbua macho, akasoma neno lililo chini ya uso wake, akaweka kiganja mdomoni, akarudi kazini. Tulidhani amekumbuka pasi aliyoiacha mezani.

Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unamwita Kabla. Anayeleta vitambaa anauliza yuko wapi Kabla. Watoto wa shule wanapita wanasalimia, shikamoo Bi Kabla, kwa heshima zote, na heshima ndiyo iliyokuwa inaudhi zaidi, maana huwezi kumpiga kofi mtoto aliyekuamkia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alilitia lile jina chumvi kidogo tu, chumvi yake mwenyewe, na chakula kikawa hakiliki.

Halafu kukaja balaa ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Lile neno, jamani, si jina la mdudu wa ajabu. Ni neno la kila siku. Mtu haendi kwa mshonaji bila kulisema. Nimalizie, halafu anataja neno, ya Ijumaa. Nipime tena, neno, hujakata. Mteja anaanza sentensi vizuri, anafika katikati, anagundua mdomo wake unakoelekea, anasimama kama mbuzi aliyeona maji. Wengine walicheka. Wenye adabu walipinda. Mwalimu mmoja, mwenye shahada, nilimsikia anasema, "Nitaipitia saa sita ikiwa bado haijafika." Mtaa mzima ukaanza kuongea kwa kuzunguka, kana kwamba barabara ya lugha imechimbwa shimo katikati. Na kila aliyezunguka alimwonyesha Dada Fundi kwamba shimo lipo. Mimi mwenyewe mpaka leo nalikwepa. Rudi mwanzo uhesabu. Ukiacha kichwa cha habari, hulikuti mpaka pale daktari alipolileta na ubao wake.

Cherehani ikageuzwa. Ndani ya wiki mbili Dada Fundi alikuwa ameielekeza ukutani, barabara anaipa mgongo. Ukimtania anatabasamu na midomo imefungwa, kama mtu aliyeshika pini. Na akianza kucheka kwa bahati mbaya anainua futi yake ya kupimia, anajifunika nayo mdomo. Mtu wa hatua tatu, sasa hata moja haimalizi. Sikulala vizuri, nawaambia kweli, na sikutaka kujiuliza kwa nini.

Nikamwendea shemeji. Nilimwambia ashushe ile sura, aifute, achore kiboko, chochote. Akaniambia sikuelewa sanaa. Eti ile si sura ya mtu, ni sura tu. Eti msanii anachora, na watu ndio wenye maneno. Eti daktari amefurahi, wateja wanakuja, na kazi ikishatoka mkononi si yake tena. Mwisho akaniambia, kwa upole, "Shemeji, macho hayana pazia. Kilichoingia kimeingia."

Nikamwambia macho hayana pazia, sawa, lakini brashi ina mpini, na mpini ulikuwa mkononi mwa nani? Akachukua kitambaa akaanza kufuta kopo lililokuwa safi.

Na hapo nikaona kitu kwenye uso wake. Alikuwa anajitahidi asionekane amefurahi. Watu walikuwa wanakuja kutoka mitaa ya mbali kutazama lile bango, wanasema, hebu mwone, ni yeye kabisa, kachorwa na nani? Miaka yote ile, sura zote zile, na hatimaye moja imefanana. Mtu aliyemtambulisha mkewe kwa maandishi, leo anatambulikana. Utamwambiaje akaifute? Nilirudi kibandani nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa huruma.

Ikapita miezi miwili hivi. Dada yangu ndiye aliyeileta habari. Alikwenda kwa Dada Fundi kupunguziwa gauni, akamkuta na pamba mdomoni, shavu limevimba. Akamuuliza, limeoza? Dada Fundi akatikisa kichwa. Halikuoza. Lilikuwa zima, daktari mwenyewe alimwambia ni zima na akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Limeng'olewa lile la juu, lenye kona. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mwenzake alipangiwa Alhamisi, halafu yangefuata mengine ya jirani, halafu angewekewa meno ya bandia yaliyonyooka. Dada yangu akamuuliza kwa nini anajifanyia hivyo. Akajibu na ile pamba, kwa shida, lakini dada yangu alisikia vizuri: "Nimechoka. Na mimi nataka kuwa Baada."

Dada yangu akavuka barabara na gauni lake begani, likiwa na pini bado. Sisi tulikuwa tunakula mchana karakana, mimi na shemeji, sahani juu ya ubao. Hakugomba. Nilitamani agombe. Alieleza kama mtu anayesoma risiti, limeng'olewa moja, lilikuwa zima, keshokutwa la pili. Kisha akamwambia mumewe, "Miaka tisa unatafuta rangi kule. Umeipata," akaondoka.

Shemeji alibaki ameshika kijiko. Chakula kilimpoa, inzi akatua pembeni ya sahani, hakumfukuza. Akachomeka brashi sikioni kwa mazoea, akatazama mbele. Mbele kulikuwa na mgongo wa mtu.

Kesho yake asubuhi nilisikia ngazi ikiburuzwa. Nikatoka. Alikuwa na kopo la rangi nyeupe, chupa ya tapentaini, na kitambaa, na alikuwa amevaa shati la kutokea, sijui kwa nini, labda kwa sababu ile ile inayowafanya watu wavae vizuri kwenda msibani. Hakunisalimia. Nikamshikia ngazi. Mwenye bucha akatoka, kinyozi akatoka na mteja mwenye nusu kichwa, daktari akatoka na koti lake akiuliza kunani. Shemeji alikuwa juu, ameshachovya brashi, mkono umeinuka kuifunika ile sura, Dada Fundi alipovuka barabara. Shavu bado limevimba upande mmoja. Kiganja mdomoni.

"Shuka kwanza," akasema.

Akashuka. Rangi nyeupe inadondoka kwenye shati la kutokea.

"Naifuta," shemeji akasema. "Leo hii naifuta yote."

"Unamfuta nani?"

 Miezi miwili shemeji alikuwa anamwambia kila mtu ile si sura ya mtu. Kama si ya mtu, basi hakuna anayefutwa, apande ngazi amalize kazi yake. Nilimwona akiitazama ngazi, kisha akaitumbukiza brashi kwenye kopo.

"Wewe," akasema. "Ni wewe. Nilijua ni wewe, jicho la kwanza likiwa bado bichi. Sura nyingine zote nilizochora maishani nilikisia, hii peke yake ndiyo niliyoipata. Nikafurahi mno kuipata, hata sikujali naiweka chini ya neno gani. Nisamehe, dada yangu."

Hakusema sanaa. Hakusema watu wana maneno. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi isiyo na mtu, machozi yananitoka kama mjinga.

Dada Fundi alikuwa hajawahi kulitazama lile bango tangu siku ya kwanza. Miezi yote alipita chini yake ameinamisha kichwa. Sasa akaondoa kiganja, akainua uso, akatazama. Alitazama muda mrefu mpaka mteja wa kinyozi akaanza kujipapasa nusu ya kichwa chake. Nadhani hakuwa amewahi kujiona akicheka, nani hujiona? Kioo hukichekei, unakinunia unachana nywele. Kisha akasema polepole, kwa ajili ya shavu:

"Sura niachie. Neno ndilo ufute."

Daktari akaanza kudai bango lake, na haki yake alikuwa nayo. Shemeji akamwambia atapata lingine jipya, na uso mwingine, na siku hiyo hiyo akaushusha ubao akaukata katikati kwa msumeno. Neno akalipiga tapentaini mpaka mbao ikaonekana. Nusu ya kushoto akaivusha barabara mwenyewe, kwa kichwa. Alipofika kule akamuuliza Dada Fundi, kwa aibu, kama angependa airekebishe kidogo, kwa vile jino lile sasa halipo, asije akaonekana anamdhihaki. Dada Fundi akasema aliache. Ikatundikwa ukutani, juu ya cherehani. Alhamisi ikafika, na kiti cha daktari kikakaa kitupu.

Bango jipya mnaweza kwenda kuliona. Kushoto amejichora yeye mwenyewe, shemeji, na meno yake ya tumbaku aliyokuwa anayaficha nyuma ya masharubu miaka yote. Masharubu kayanyoa ili achore vizuri. Kwa kweli hafanani. Tumerudi kule kule. Lakini kaandika chini, asije mtu akabahatisha, MIMI, na chini yake lile neno. Watu walijaribu kumwita nalo, akaitika kwa furaha kubwa mno, bila kukohoa, mpaka utamu ukaisha wakaacha. Mkuki kwa nguruwe ulipomgeukia mwenye mkuki, waliokuwa wakiurusha wote walikosa hamu.

Ila msije mkadhani yamekwisha. Kwenye mbao neno lilifutika. Midomoni tapentaini haifiki. Bado anatokea mtu wa mtaa wa mbali anauliza njia ya kwa Kabla, na hana kosa, ndivyo alivyoelekezwa. Cherehani imegeuzwa tena inatazama barabara. Kicheko kimerudi hatua mbili, na ya tatu huja siku nyingine, haiji siku nyingine, na ikija unaliona pengo.

Sasa yule mtu mmoja tuliyemwacha bila kumtaja. Mmeshamjua, nyinyi si watoto. Ni mimi. Mwenye shule yake, mwenye kidole cha kusahihisha. Shemeji aliandika neno chini ya sura, lakini sura na mtu nilivifunga mimi, kwa sentensi moja, kikombe mkononi, ili mwenye bucha acheke. Kisha nikaenda kumhubiria shemeji habari za mpini. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na mimi niliyewahi kuvunjika mguu nathibitisha kwamba mguu uliunga.

Ilinichukua mwaka na nusu. Nilikuwa namtolea Dada Fundi fotokopi za bure, hata za vitu asivyovihitaji, nikidhani siku moja zitatosha. Hazikutosha. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa gauni, nikasimama pale mikono imeinuliwa, futi inanizunguka kiunoni, ile sura inacheka juu ya kichwa chake, nikaona mtu aliyepimwa hana pa kukimbilia, bora niseme. Nikaanza. Nikamwambia, siku ile ya kwanza, yule mtu aliyesema.

"Ni wewe," akasema. "Nilikuwa nafungua dirisha. Nilikusikia."

Akaandika kipimo changu kwenye daftari. Nikamuuliza mbona hakuniambia muda wote huo. Akasema mtu haleti fotokopi za cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa nakala arobaini bila sababu. Alijua ipo siku nitakuja nazo na neno. Mabega yake yakatikisika. Macho yakafumba kidogo. Nikasema nisamehe, akasema haya, shusha mikono, unaniziba mwanga.

Akakaa kwenye cherehani amalizie upindo wa mtu mwingine huku akinipangia siku ya kurudi. "Njoo Alhamisi," akasema, "kabla sijafunga." Akalisema hivyo hivyo, neno la kawaida. Hakuna aliyecheka. Upindo ukaisha, akainama, akapeleka uzi mdomoni, akakumbuka, akaanza kupapasa vitambaa kutafuta mkasi. Mkasi ulikuwa upande wangu. Nikampa.